Kuuza Vitabu Ukiwa Bado Umeajiriwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninauza vitabu Dar es Salaam jioni na mwisho wa wiki, na mchana niko kazini kwa mwajiri. Maswali haya nimekuwa nikiulizwa na watu wanaofanana: wanapenda kusoma, wana ajira, na wangependa mapenzi yao ya vitabu yaanze kuingiza chochote. Majibu mengi yanaihusu Tanzania. Pale ambapo Kenya ina utaratibu wake, nimesema.

Kuna watu wananunua vitabu kweli? Si tunaambiwa hatusomi?

Wapo, na ni wengi kuliko unavyodhani. Pita katikati ya Dar es Salaam, maeneo ya Posta na Mtaa wa Samora, uone meza za vitabu vilivyotumika zilizopangwa kando ya barabara. Wale wauzaji hawajakaa pale kwa ajili ya kupunga upepo. Nairobi nako, wauzaji wa vitabu wa kando ya barabara wamesomesha watoto kwa kazi hiyo.

Shida kubwa ni kwamba kitabu hakipo mahali mtu alipo. Miji yetu mingi ina maduka ya vifaa vya shule: madaftari, kalamu, vitabu vya darasani, na labda kamusi mbili juu ya rafu. Mtu wa mkoani anayetaka riwaya nzuri ya Kiswahili, au kitabu cha hadithi cha mtoto wa miaka mitano, hajui aende wapi. Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliposhinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi, watu wengi wa huku walitaka kumsoma na hawakujua pa kuvipata vitabu vyake. Mwaka uliofuata, kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota ilitoa tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake mojawapo, *Peponi*, kazi ya Ida Hadjivayanis. Hamu ya kusoma ilikuwepo hata kabla kitabu hakijafika. Kazi yako kama muuzaji ni kukifikisha.

Napenda sana kusoma. Hilo linatosha?

Halitoshi, ila ni mwanzo mzuri. Linakusaidia kuchagua na kuongea na mteja. Halikusaidii kupiga hesabu, na mara nyingine linakudanganya, kwa sababu utanunua vitabu unavyotaka kusoma wewe.

Ninachokiamini kuliko chochote katika kazi hii ni kwamba mshahara ndio unaomfanya muuza vitabu mdogo awe muuza vitabu mzuri. Mwenye duka anayedaiwa kodi ya pango kila mwezi analazimika kuweka chochote kinachotoka haraka. Wewe unakula kwa mshahara, kwa hiyo una nafasi ya kukataa. Unaweza kukataa kitabu kibovu, nakala ya wizi, au mzigo mkubwa usioujua. Unaweza kumwambia mteja ukweli kwamba kitabu anachokitaka hakimfai mwanawe. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi. Ukiutumia mshahara hivyo, ajira yako inakuwa nguvu ya biashara. Ukiutumia kuziba matundu ya biashara kila mwezi, unajidanganya kuwa una biashara.

Nianze na vitabu vya aina gani?

Aina moja, mbili zikizidi sana. Chagua msomaji kwanza, kitabu kitafuata. Huwezi kuwa na vitabu vya dini, sheria, hadithi za watoto, ujasiriamali na riwaya za Kiingereza kwa mtaji wa kona ya chumba. Utakuwa na nakala moja moja za kila kitu na hakuna atakayekukumbuka kwa lolote.

Wengi hukimbilia vitabu vya shule kwa sababu mahitaji yake yanaonekana. Mimi ningekuambia usubiri. Tanzania, tangu mwaka 2013 kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ilipokabidhiwa Taasisi ya Elimu Tanzania, soko la wachapishaji binafsi kwenye kiada lilibanwa sana. Halafu Januari 2024 mitaala mipya ilianza kutumika kwa awamu, na vitabu vya mtaala wa zamani vikaanza kupoteza soko darasa kwa darasa. Kenya, serikali ilianza mwaka 2018 kununua vitabu vya kiada kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, na maduka mengi ya vitabu yaliyotegemea oda za shule yakaumia. Uamuzi mmoja wa wizara unaweza kuifanya stoo yako yote iwe karatasi za kufungia maandazi. Mwenye mtaji mdogo hapaswi kusimama kwenye njia hiyo.

Hadithi za watoto kwa Kiswahili ni mahali pazuri. Mzazi mjini anamsomesha mtoto shule ya Kiingereza, mtoto anarudi nyumbani hawezi kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili bila kukwama. Mzazi huyo anatafuta msaada na yuko tayari kulipa. Kitabu cha mtoto ni chembamba, hakina uzito wa kutuma, na mtoto akimaliza kimoja anataka kingine.

Riwaya na ushairi wa Kiswahili vina wasomaji waaminifu, ila mauzo yake ni ya taratibu. Vitabu vya kujiendeleza vilivyotafsiriwa hutoka haraka sana, na hapo ndipo nakala za wizi zilipojaa. Ukiingia huko, nunua kwa mchapishaji mwenyewe au wakala anayekupa risiti.

Ninahitaji mtaji kiasi gani?

Kiasi ambacho kikipotea chote, ada ya mtoto italipwa na kodi ya nyumba italipwa. Kwa mmoja ni laki moja, kwa mwingine ni laki tano. Usikope kwenye programu za mikopo ya simu kununua vitabu. Riba yake inakimbia, kitabu kinatembea.

Kitabu kimoja kinaniachia faida gani?

Tuchukue mfano wa kitabu chenye bei ya 15,000 dukani. Mchapishaji akikupa punguzo la asilimia 30, unakichukua kwa 10,500. Hapo wengi huandika faida ya 4,500 na kulala. Sasa toa nauli ya kufuata mzigo ukiigawa kwa kila kitabu, tuseme 700. Toa bahasha ya kaki na plastiki, 500. Toa makato ya kutoa fedha kwenye simu, 300. Umebaki na 3,000. Ukimwambia mteja "nakuletea bure" na bodaboda akataka 3,000, umefanya kazi ya kujitolea.

Kwa hiyo usafiri analipa mteja, na unamwambia tangu mwanzo. Ukitaka kumpa nafuu, mpe kwenye wingi: akichukua vitatu, mchangie nusu ya nauli.

Kuna hesabu nyingine iliyo muhimu kuliko hii. Kwa laki tatu utapata vitabu 28 vya bei hiyo. Vikiisha vyote kwa mwezi mmoja, umepata 84,000 na mtaji umerudi mkononi kununua tena. Vikiisha kwa miezi sita, ni 84,000 ile ile, yaani 14,000 kwa mwezi. Faida ya kitabu ni ileile, kilichobadilika ni mzunguko. Ndiyo maana napenda muuzaji anunue nakala chache na kurudi kwa mchapishaji mara nyingi, hata kama punguzo ni dogo kidogo, kuliko kubeba boksi zima kwa bei ya jumla likakaa uvunguni.

Mzigo naupata wapi?

Anza na wachapishaji wenyewe. Dar es Salaam kuna Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991 baada ya kuiongoza Tanzania Publishing House (TPH) kwa miaka mingi. Duka la vitabu la TPH pale Samora ni mahali pa kwenda hata kama huna cha kununua, ukajifunze ni vitabu gani vinapangwa na ni nini watu wanauliza. Soma Book Café, Mikocheni, ni mahali pengine ambapo wasomaji na waandishi hukutana. Nairobi kuna East African Educational Publishers, Longhorn na wengine wenye orodha ndefu za vitabu vya Kiswahili.

Ukifika kwa mchapishaji, usijieleze sana. Uliza mambo matatu: punguzo kwa muuzaji ni asilimia ngapi, linaanzia nakala ngapi, na kama wanapokea marejesho ya kisichouzwa. Hili la tatu wengi hawaliulizi, na ndilo linaloamua nani anabeba hasara.

Baada ya kununua kwa fedha taslimu mara kadhaa na kufahamika, omba mali kauli: unachukua vitabu, unauza, unalipa kwa tarehe mliyokubaliana. Waandishi wanaojichapishia wenyewe hukubali haraka zaidi kuliko kampuni, maana mara nyingi nakala zao zimerundikana sebuleni. Andikeni makubaliano hata kwenye karatasi ya daftari: nakala ngapi, bei gani, tarehe ya kulipa, nani anabeba iliyochakaa. Kisha lipa siku ile ile uliyosema. Fedha ya mali kauli si yako hata kama iko kwenye simu yako.

Vitabu vya mtumba vinalipa?

Vinalipa vizuri kwa asilimia, kwa sababu unavinunua kwa bei ndogo. Ubaya wake ni kwamba ukikiuza huwezi kukiagiza tena. Mteja wa pili akikiuliza, huna. Kwa hiyo vinamfaa mtu anayependa kupekua na ana macho ya kutambua. Angalia uti wa kitabu, fungua katikati usikie kama gundi inalia, nusa kama kuna ukungu, pitia kurasa za mwisho maana ndizo huchanika. Na uandike hali yake kwa ukweli unapokitangaza: "jina la mwenyewe wa zamani limeandikwa ukurasa wa kwanza, kurasa zote zipo." Sentensi kama hiyo huuza.

Nitautofautishaje mtumba halali na nakala ya wizi?

Nakala ya wizi kwa kawaida ni mpya na ni rahisi kupita kiasi. Picha ya jalada ina ukungu kama iliyopigwa kutoka kwenye jalada jingine, maandishi ndani yamepauka au yameinama, pambizo hazilingani, na ukikifungua mara mbili kurasa zinaanza kuachia. Usiuze. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inakugusa wewe muuzaji, siyo aliyechapisha peke yake. Na zaidi ya sheria, yule mwandishi unayedai kumpenda hapati hata senti.

Na PDF? Kuna watu wanauza PDF kwa elfu mbili kwenye makundi ya WhatsApp.

Kama mwandishi au mchapishaji hajakuruhusu kwa maandishi, huo ni wizi ule ule. Wapo waandishi wanaouza PDF za vitabu vyao wenyewe na wanatafuta mawakala. Fanya kazi na hao.

Usiwe na hofu sana ya ushindani wa PDF za bure. Mtu anayekusanya faili mia nne kwenye simu mara nyingi hasomi hata moja. Mteja wako ni yule anayetaka kukaa na kitabu.

Mwajiri wangu akijua?

Soma mkataba wako leo, kabla ya kuchapisha tangazo lolote. Tafuta kifungu kinachozungumzia kazi nyingine au mgongano wa maslahi. Mikataba mingine inakataza kabisa, mingine inataka utoe taarifa, mingi inakataza tu kushindana na mwajiri au kutumia muda na mali yake. Ukiwa mtumishi wa umma una kanuni za maadili za ziada. Mwalimu, hasa, asiwauzie wanafunzi wake mwenyewe: mzazi hawezi kujua kama ananunua kwa hiari au anaogopa mwanawe atachukiwa.

Kama taarifa inatakiwa, toa kwa maandishi na uhifadhi nakala. Kisha heshimu mpaka: usitumie printa ya ofisi, usiweke maboksi chini ya meza, usipokee simu za wateja katikati ya kikao. Wafanyakazi wenzako wakitaka vitabu, wapelekee baada ya saa za kazi. Nakuomba ulichukulie hili kwa uzito, kwa sababu ukipoteza ajira mwezi wa tatu, biashara yenyewe nayo itakufa. Utaanza kula mtaji.

Muda naupata wapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki. Ongeza foleni za Dar es Salaam na unabaki na jioni fupi. Kwa hiyo biashara lazima iwe na ratiba ambayo mteja anaijua.

Mimi hujibu ujumbe mara mbili: mapumziko ya mchana na jioni baada ya chakula. Nimeandika wazi kwamba oda zinafungwa Alhamisi usiku na vitabu vinatoka Jumamosi. Huwa kuna anayekasirika na kutaka leo hii. Mpe namba ya duka lililo wazi, hutampoteza. Wengi hawana haraka. Wanachotaka ni kujua siku. Anayeahidi Jumamosi na kufika Jumamosi anaaminika kuliko anayeahidi "sasa hivi" na kupotea.

Likizo yako ya mwaka ina thamani kubwa kibiashara. Usiimalize yote Desemba. Bakiza siku chache za kuzungukia wachapishaji siku za kazi, maana ofisi zao nyingi zimefungwa mwisho wa wiki.

Nijisajili? Nilipe kodi?

Ndiyo. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao, ada yake ni ndogo. Nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) na namba yako ya mlipakodi (TIN) waiongezee biashara, na uulizie leseni ya biashara kwenye halmashauri yako. Jambo moja waajiriwa hawaambiwi: mfumo wa makadirio ya kodi wa wafanyabiashara wadogo umewekwa kwa ajili ya mtu ambaye kipato chake chote kinatokana na biashara. Wewe una mshahara pia. Waulize TRA utahesabiwaje kabla mwaka haujaisha.

Vitabu Tanzania vimesamehewa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), na ushuru wa forodha wa vitabu vilivyochapishwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia sifuri. Kenya waliweka VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu mwaka 2013 na wachapishaji wameilalamikia tangu hapo, kwa hiyo usishangae ukiona kitabu cha Nairobi kina bei ya juu.

Daftari la mauzo anza nalo siku ya kwanza: tarehe, jina la kitabu, bei ya kununua, bei ya kuuza, gharama za njiani. Laini ya simu ya biashara iwe peke yake. Fedha ya vitabu ikichanganyika na ya nyumbani kwenye laini moja, mwisho wa mwezi hutajua kama uliuza au ulijilipia umeme.

Nitumeje vitabu mikoani?

Kwa basi, mara nyingi ndiyo njia ya haraka. Mabasi mengi ya mikoani yanaanzia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na kampuni zake zina dirisha la vifurushi. Shirika la Posta linafaa pale basi lisipofika au mteja anapotaka kifurushi kisajiliwe.

Ufungashaji ndio wengi wanauharakisha, na kitabu kinafika pembe zimekunjika. Kwanza kivishe plastiki nyembamba na ubandike utepe, kwa sababu buti la basi lina maji, mafuta na ndoo za dagaa. Kata vipande viwili vya boksi vilivyozidi kitabu kwa kidole kimoja kila upande, kiweke katikati, funga kwa utepe ili kisicheze. Ule ukingo uliozidi ndio utakaopokea pigo badala ya pembe za kitabu. Ndipo uingize kwenye bahasha ya kaki. Andika jina, namba ya simu na mji wa kushukia kwa wino mzito pande zote mbili. Piga picha kifurushi na risiti ya basi, umtumie mteja pamoja na jina la basi na muda wa kufika. Hapo mteja wa mara ya kwanza, ambaye alituma hela kwa mtu asiyemjua, anaanza kupumua.

Hela itumwe kabla ya kitabu kutoka. Hilo halina mjadala mikoani.

Wapo wateja Oman, Uingereza na Marekani wanaotaka vitabu vya Kiswahili. Niwahudumie vipi?

Wapo na wana kiu, hasa wazazi wanaotaka watoto wasiisahau lugha. Tatizo ni posta: kutuma kitabu kimoja kunaweza kugharimu kuliko kitabu chenyewe. Waunganishe katika vifurushi vikubwa, au tafuta ndugu anayesafiri mwenye nafasi kwenye begi, kwa malipo mliyokubaliana. Vitabu vya Mkuki na Nyota na wachapishaji wengine wengi wa Afrika vinapatikana pia nje kupitia African Books Collective ya Oxford. Mteja akihitaji nakala moja tu, mwelekeze huko. Hutapata faida siku hiyo, lakini atakapokuja likizo atakutafuta.

Nawezaje kumshawishi mtu anunue?

Muulize maswali. Mama mmoja anaandika: "Kaka, mwanangu yuko darasa la tatu, hapendi kusoma kabisa. Nimpe kitabu gani?" Ukimtumia picha ishirini za majalada, atachanganyikiwa na kunyamaza. Muulize: akisoma kwa sauti anakwama kwenye maneno au anachoka tu? Anapenda nini, mpira, wanyama, kuchekesha wenzake? Kuna mtu mzima anayeweza kukaa naye dakika kumi usiku? Mtoto anayekwama anahitaji kitabu cha chini ya darasa lake, chenye sentensi fupi na picha nyingi, hata kama mama atasema ni cha watoto wadogo. Anayechoka tu anahitaji hadithi yenye mwendo. Mpe vitabu viwili vya kuchagua, siyo zaidi, na umwambie kwa nini.

Baada ya wiki mbili muulize ilikuwaje. Majibu yake yaandike, ndiyo yatakayokusaidia na mama anayefuata. Duka kubwa haliwezi kufanya hivi. Hapa ndipo mtu anayependa vitabu kwa dhati anampita mfanyabiashara tupu.

Picha nazo: piga karibu na dirisha asubuhi, jalada la mbele, la nyuma, na ukurasa mmoja wa ndani ili mtu aone ukubwa wa maandishi. Usipige picha za sura nzima ya kitabu.

Marafiki wanataka kuazima badala ya kununua.

Tenga rafu mbili. Vitabu vyako binafsi azimisha upendavyo. Vya biashara havitoki bila malipo, hata kwa shemeji. Ukitaka kukodisha iwe huduma kamili: mteja anaweka amana inayolingana na bei ya kitabu, analipa ada ya wiki, akirudisha salama anachukua amana yake.

Nahifadhije vitabu nyumbani, hasa huku Pwani?

Juu ya sakafu, mbali na ukuta wa nje, visimame bila kubanana sana. Unyevu wa Pwani huleta ukungu, na mchwa hupandia ukutani. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vitupie ndani ya maboksi yako. Majani makavu ya mwarobaini husaidia kufukuza wadudu. Kila mwezi toa vitabu, vipukute, vipangwe upya. Usivianike juani, jalada litapauka na gundi itakauka.

Badala ya kuuza, nianze kuchapisha?

Siyo mwaka wa kwanza. Kuchapisha kunataka mhariri, msanifu, fedha ya kiwandani na uvumilivu, na ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, ambayo Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Uza kwanza. Ukishajua kitabu ambacho watu wanakuuliza kila mwezi na hakipo, hapo una sababu ya kuchapisha.

Niache kazi lini?

Huenda isihitajike, na hakuna aibu. Shaaban Robert aliitumikia serikali kwa miaka mingi kama karani huku akiandika kazi ambazo bado tunaziuza leo. Kama unataka kuacha, biashara ikulipe kwanza mshahara wa kweli ulioandikwa kwenye daftari kwa mwaka mzima, ukijumuisha miezi mikavu. Januari watu wanalipa ada, na mauzo ya hadithi huwa yanashuka. Ujue pia bima ya afya na michango ya hifadhi ya jamii utaanza kujilipia. Ukipenda njia ya kati, ongea na mwajiri kuhusu kupunguza saa.

Nimebaki na vitabu vilivyododa. Nifanye nini?

Kwanza jua vimedoda kwa nini. Fungua daftari: kuna mtu yeyote aliwahi kukiuliza, au ulikinunua kwa kukipenda wewe? Kama waliuliza wakashindwa bei, ishushe hadi ile uliyonunulia na urudishe mtaji. Kama hawakuuliza, kipe nafasi moja: kisome, andika aya fupi ya kwa nini kinafaa na kinamfaa nani, itume kwa wateja watano unaodhani kitawagusa. Njia hii hufanya kazi kuliko punguzo.

Kisipotoka, kifunge pamoja na kinachouzika kama seti, au kipeleke kwenye maktaba ya shule iliyo karibu, ukiwa umepiga muhuri wa jina na namba yako ukurasa wa ndani. Kisha liandike jina la kitabu hicho ukurasa wa mwisho wa daftari, kwenye orodha ya vitu ambavyo huagizi tena.